Imekaa Bure

Shemeji yangu hajawahi kununua kiti tangu amuoe mdogo wangu. Ukiingia kwao utadhani kuna mtu amehama akaacha kila kitu, na wao wakahamia juu yake. Sofa ina miguu mitatu ya kwake na mmoja wa meza. Friji haipoozi hata maji, kwa hiyo inatunza mashuka. Uani kuna bafu la kulalia, lile la watu wenye nafasi, na ndani yake mdogo wangu amepanda mchicha. Vyote hivyo vilikuja bure, na mtaani wanamwita Bwana Bure. Mwenyewe huitika, tena kwa sauti.

Ni seremala, na kazi anaijua. Hilo silikatai hata nikiwa nimemkasirikia, na mimi kumkasirikia ni jambo la kila wiki. Cherehani yangu iko kwenye baraza inayotazama uwanja wao, kwa hiyo hakuna anachofanya nisikione. Kila asubuhi, kabla hajanawa uso, anafungua simu na kuingia kwenye kundi la matangazo la mtaa, lile ambalo watu huuza, hununua, na kugawa vitu walivyochoka navyo. Wengine husali, yeye husoma matangazo. Mdogo wangu husema siku mtu akitangaza surua ya bure, mume wake atauliza kama wanaleta mpaka nyumbani.

Kitu kimoja tu hakuwahi kukipata: karakana. Miaka yote alifanya kazi chini ya turubai, kati ya uzio na ukuta wa jirani. Jioni anakusanya vifaa kwenye gunia na kuviingiza ndani. Mbao nzuri zililala chini ya kitanda cha ndoa, na mdogo wangu alikuwa akiamka na vumbi la mbao kwenye nywele. Halafu mwizi akaruka uzio mchana kweupe, watu wakiwa mezani, akaondoka na misumeno na jiriwa ya kubania mbao aliyoachiwa na fundi aliyemfundisha kazi. Shemeji hakulia, ila alikaa siku ile nzima akiangalia mahali jiriwa ilipokuwa imefungwa.

Baada ya hapo akaamua kujenga. Matofali aliyapata kwa mtu aliyebomoa choo. Mabati alipewa na shule iliyobadilisha paa. Akapandisha kuta tatu, akaezeka, na mbele akaacha uwazi mpana wa kupitisha kabati zima bila kuligeuza. Ikabaki milango. Karakana isiyo na milango ni kumkaribisha mwizi na kumpa kivuli, na milango mikubwa namna ile haigawiwi kila siku. Akawa anasoma kundi mpaka macho yanamwuma.

Ndipo likaja hili tangazo. Nalikumbuka neno kwa neno, na utaona kwa nini: "Nina gereji yenye milango mizuri ya mbao, imekaa bure. Anayehitaji aje. Mchana mzee yupo."

Shemeji alikuja mpaka kwenye baraza yangu na mswaki mdomoni. Akaniwekea simu juu ya kitambaa nilichokuwa nakata.

"Umeona, shemeji? Milango ya gereji. Bure."

Nikamwambia aondoe povu lake kwenye suti ya watu. Sikusoma vizuri, nilikuwa na haraka. Kufika saa ya chai alikuwa ameshamtafuta mtu wa mkokoteni na wamekwenda.

Yaliyotokea huko aliyasema baadaye, na si kwa hiari. Siku ile tuliona tu mkokoteni unarudi na milango miwili ya kijani, mipana, ya mbao nzito ambazo siku hizi huzioni. Shemeji alikuwa akisukuma kwa nyuma huku akiimba. Mdogo wangu alitoka na mikono ya unga akaigonga milango kwa kidole, akacheka kama msichana. Nilifurahi pia, niseme ukweli. Nilifikiria kitanda kisicho na mbao chini yake.

Hakupumzika. Mchana huohuo aliilaza juu ya vigoda, akaazima randa, akaanza kuitoa ile rangi ya kijani mpaka uwanja ukajaa maganda yake. Milango ilikuwa mirefu kuliko uwazi wa karakana. Akapima, akaweka penseli sikioni, akapima tena, akakata mmoja chini. Kipande kilichokatika kikaanguka, naye akakisogeza kwa mguu. Wa pili akasema ataukata kesho.

Kesho yake haukukatwa. Mimi nilikuwa nasubiri pasi ipate moto nikafungua simu, na kwenye kundi nikakuta maneno haya: "Ndugu zangu wa kundi. Mimi nilitangaza gereji, sikutangaza milango. Kuna mtu amekuja nikiwa kazini akaifungua akaondoka nayo. Mume wangu hana kumbukumbu. Amekaa kwenye uwazi wa gereji anailinda, haingii ndani hata kwa kubembelezwa. Anasema fundi aliahidi kuirudisha. Jana mvua imemkuta palepale. Tafadhali sana."

Chini yake watu walikuwa wameshamwaga ya kwao. Pole mama. Mtaa huu umeoza. Mwizi huyo alaaniwe yeye na kizazi chake. Kizazi chake ni watoto wa mdogo wangu, kwa hiyo nilizima pasi.

Nikarudi juu kulisoma tena lile tangazo la kwanza. Gereji imekaa, milango imekaa. Kwa lugha yetu zote mbili zinakaa vilevile, huwezi kujua anayekaa ni nani. Na bure nayo ni hivyohivyo. Kitu kisicholipiwa ni bure, na kitu kilichokaa tu bila kazi nacho kimekaa bure. Mama wa watu alisema ana gereji haitumiki, ina milango mizuri, anayeihitaji aje aitumie. Shemeji yangu akasoma milango haina bei. Kila mtu husoma kwa njaa yake.

Nilimkuta amekaa juu ya kigoda, simu imelala kifudifudi kwenye goti. Alikuwa ameshaona.

"Nilisoma vibaya, shemeji," akasema kabla sijafungua mdomo.

"Nimeona. Hata mimi ningeweza kusoma hivyo. Rudisha, uombe radhi, yaishe."

Hakuinuka. Akachukua kopo dogo la bati lililokuwa kando yake, akalitikisa. Lilikuwa na skrubu.

"Hizi alinipa mzee mwenyewe," akasema, na ndipo akaanza kusimulia.

Alimkuta mzee amevaa shati lililopigwa pasi, vifungo vimepishana, upande mmoja juu, mwingine chini. Akamwamkia, akamwambia amekuja kwa sababu ya tangazo. Mzee akaitika marahaba, akasema, "Karibu sana, Bwana Tangazo." Mtu wa mkokoteni akacheka. Mzee akawaletea chai kwenye vikombe vya wageni, na chai yenyewe ilikuwa maji ya moto na sukari, majani hakuna. Wakanywa. Akawaeleza kwamba alikuwa dereva wa lori, na milango ile aliitengeneza kwa mikono yake wakati wa likizo, mke wake akiwa na mimba ya kwanza. Bawaba zilipoanza kufunguliwa akashika bisibisi ya pili akasaidia. Kila skrubu iliyotoka aliifuta kwa shati lake akaiweka kwenye kopo.

Mlango wa pili ulipofungwa kamba juu ya mkokoteni, mzee akauliza, "Mkimaliza kuipaka rangi, mtairudisha?"

"Mtu wa mkokoteni akanitazama," shemeji akasema. "Nami nikamtazama mzee. Nikasema, ndiyo mzee."

"Ukasema ndiyo."

"Akauliza lini. Nikasema karibuni. Akaniletea kopo. Akasema, chukua, utazihitaji wakati wa kuirudisha."

Nilitaka kumtukana, na matusi ninayo, Mungu ananijua. Lakini alikuwa ameinamisha kichwa kama anayesubiri kunyolewa, nikakosa pa kuanzia.

"Tangazo nililisoma vibaya," akasema. "Mzee nilimsoma sawasawa. Nilijua, shemeji. Palepale nilijua kuna kitu hakiko sawa. Nikaogopa nikiuliza nitaikosa milango."

Sasa wewe utadhani aliondoka saa ileile. Hata mimi nilidhani. Lakini mlango mmoja ulikuwa umekatwa, na hapo ndipo aibu ilipomshika miguu. Akasema hawezi kumpelekea mtu mlango kilema. Lazima kwanza akiunge kile kipande, akiwekee vijiti vya ndani, gundi ikauke, aipige msasa, aipake kijani kama mwanzo. Mvua nayo haikukatika. Gundi ikawa haishiki, rangi haikauki. Usiku hakulala, mchana hakula. Mdogo wangu aliweka sahani, akaondoa sahani. Alijigonga kidole na nyundo, mtu ambaye hupigilia misumari huku akisimulia hadithi.

Nilimfuata nikamwambia, "Mzee ananyeshewa, wewe unasubiri gundi. Nenda hata na turubai ukamfunike."

"Nitaendaje mikono mitupu? Nitamwambia nini?"

"Mwambie ni wewe."

Akaendelea kupiga msasa. Nilimwona mchoyo siku ile, mchoyo wa aibu yake mwenyewe. Alitaka kosa lake lifike kwa wenyewe likiwa limepakwa rangi. Nikamwambia hivyo, akaniambia nina ulimi mbaya. Kweli ninao, lakini turubai nililipeleka mimi.

Sikuwa na ujasiri wa kumzidi, nisijisifu. Nilimpa mama mwenye nyumba turubai getini, nikasema nimesoma kwenye kundi. Nikamwambia fundi ninamfahamu, milango inatengenezwa, inakuja. Hakuniuliza swali hata moja. Anafua mashuka ya nyumba ya wageni, vidole vyake vyote vimechunika kwa dawa. Alilipokea turubai kwa mikono miwili akasema ahsante, nami nikatembea haraka mpaka kona.

Milango ilipokauka tuliondoka pamoja, mimi nikiwa nyuma ya mkokoteni ili asije akageuka njiani. Mama alikuwa nyumbani, maana mzee alikuwa ameanza kukohoa na hakuweza kumwacha. Mzee alikuwa palepale kwenye uwazi wa gereji, juu ya kigoda, blanketi mabegani, turubai langu limefungwa juu yake kwa kamba. Ndani ya gereji kulikuwa kutupu na safi, sakafu ya saruji, dirisha kubwa upande wa mwanga, ukuta mmoja una rafu ndefu. Shemeji alisimama akaangalia. Seremala yeyote angeangalia.

"Mama," akasema, "mimi ndiye niliyechukua. Nilisoma tangazo vibaya. Na mzee aliponiuliza nikamdanganya. Naomba unisamehe."

Mama alimtazama mikononi, kwenye kile kidole chenye bandeji.

"Wewe ni fundi wa nini?"

"Seremala."

Kisha akasema, bila kupandisha sauti, "Nilikuwa natafuta fundi. Wa viatu, wa redio, wa chochote. Alete kazi zake humu, asinilipe kitu. Nilitaka tu mzee asikie mtu mchana, asikae peke yake. Ndiyo maana nikaandika imekaa bure."

Shemeji alishika ukingo wa mkokoteni. Nilimwonea huruma na nilitaka kumzaba kofi, vyote kwa pamoja. Kuta nne, sakafu, dirisha, rafu, na milango ikiwa mahali pake, vyote angepewa kwa kuuliza swali moja. Yeye akang'oa milango akakimbia nayo.

Aliifunga ile milango mahali pake. Alitoa kopo akatumia skrubu zilezile, kila moja kwenye tundu lake la zamani. Mzee alifuata kila hatua, blanketi likiburuzika, akimpa skrubu mkononi moja moja, kama alivyosaidia siku ile. Kazi ilipokwisha milango ikafungika vizuri, haina mlio. Kiungo cha chini ulipaswa kuinama ndipo ukione. Rangi tu ndiyo haikufanana sana. Kijani cha zamani kilikuwa kimepigwa jua miaka mingi, na hicho hakiuzwi dukani.

"Mzee," shemeji akasema, "milango yako hii hapa. Nimeirudisha."

Mzee akaishika. Mkono ukateremka mpaka chini kwenye kiungo, ukapita juu yake, ukarudi. Akaupigapiga mlango kwa kiganja.

"Mizuri," akasema. "Una mkono mzuri, bwana. Lakini hii si yangu. Yangu aliichukua fundi kuipaka rangi."

"Fundi mwenyewe ni mimi, mzee."

Mzee akamtazama kwa upole, namna mtu anavyomtazama mgeni aliyekosea nyumba. "Hapana, baba. Yule alikunywa chai hapa. Aliniambia ndiyo. Atakuja tu." Akavuta kigoda chake, akakaa mbele ya milango yake, akatazama barabarani.

Mama alifunika mdomo kwa kanga yake. Shemeji alichuchumaa, akaeleza tena, akamwonyesha kopo, akamkumbusha lori, likizo, chai. Mzee alisikiliza yote kwa adabu. Alipomaliza, akamwuliza kama amekutana na fundi huko njiani.

Tulipokuwa tunaaga mama alimwambia shemeji, "Gereji siwezi kukupa. Sikufichi, nakuogopa."

"Sawa, mama."

Hakubisha. Tukarudi na mkokoteni mtupu.

Kesho yake nilimwona anafunga gunia la vifaa asubuhi mapema. Nilidhani kapata kazi mahali. Kumbe alikwenda kule, akamwomba mama aruhusiwe kukaa nje tu, pembeni ya kigoda cha mzee, afanyie kazi zake hapo. Mama alifikiri, akaona amechelewa kazini na mzee anahitaji mtu. Akafunga gereji kwa kufuli, akaweka ufunguo kwenye pochi yake, akasema, "Kaa naye basi." Ndivyo ilivyo mpaka leo. Mama akitoka kazini anakikuta kikohozi cha mzee kimepoa na miguu ya viti imepangwa ukutani. Ufunguo bado uko kwenye pochi.

Karakana yetu haina milango. Uwazi umezibwa na turubai, na mbao zimerudi chini ya kitanda. Majuzi mtu alitangaza kwenye kundi kabati la vioo, linatolewa bure kabisa, ameandika wazi kwamba halilipiwi. Mdogo wangu alimwonyesha mumewe. Alilisoma tangazo mara mbili, akamrudishia simu.

Jana nilimpelekea chakula kwa sababu mdogo wangu alikuwa na homa. Nikawakuta wamekaa wawili mbele ya ile milango ya kijani, mzee kwenye kigoda chake, shemeji chini kwenye gunia, mguu wa kiti umebanwa kati ya magoti. Nikaamkia. Mzee akaitika, akanisogezea kipande cha mkeka.

"Karibu, mama. Tunamsubiri fundi."

"Fundi yupi, mzee?"

"Aliyechukua milango yangu. Na huyu bwana naye anamsubiri, yuko hapa kila siku." Akamwekea shemeji mkono begani. "Nimemwambia asikate tamaa. Yule kijana alinitazama machoni akaniambia ndiyo. Mtu mzima hasemi ndiyo bure."

Shemeji alikuwa ameinamia ule mguu wa kiti. Akaitikia, "Ndiyo, mzee," akaendelea kupiga randa.